Kupaka Sio Kujenga

Nikae wapi? Nikiketi jikoni, macho inaenda kwa ukuta ya jikoni. Nikitoka nje, naona mbao ya jirani pale chini ya mabati imeanza kuwa nyeusi, na mikono inaniwasha. Wiki hii mawingu imeanza kukusanyika upande wa ziwa. Kila mtu anaomba mvua, na mimi pia naomba, lakini nikisema amina nashika ukuta na kiganja nisikie kama iko baridi. Daktari aliniambia niache kazi ya kupaka nyumba. Alisema kifua yangu imekunywa thina na moshi ya lami ya kutosha. Sawa, nimeacha. Lakini hakunionyesha vile mtu anaachanga kuangalia.

Basi wacha niwaandikie ninyi, vijana mnaojifunza ufundi pale nyuma ya kanisa, mnaoniona nikipita mnaficha brashi chafu nyuma ya mgongo. Mimi nilijifunza kuandika nikiwa mama wa watoto watatu, kwa ngumbaru, masomo ya jioni, rangi bado iko kwa kucha. Sijui kupanga maneno kama watu wa sekondari. Nitasema vile inakuja. Lakini kuna nyumba moja ya Ahero ambayo lazima niwafikishe, kwa sababu mama mmoja alikuwa karibu kufukuzwa kwake juu ya neno moja tu: kama kupaka ukuta ni kujenga ama sio kujenga.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Karanja. Alitoka upande wa Nyeri akakuja Kisumu kuuza rangi, halafu akaona watu wananunua rangi na nyumba bado inavuja, akakasirika akaanza kupaka yeye mwenyewe. Mimi nilianza kwa kumuoshea brashi. Miaka ya themanini, mwanamke kupanda ngazi na mkebe ya vanishi ilikuwa sinema. Watu wanasimama. Mmoja akauliza, "Mzee, huyu ni bibi yako ama ni fundi?"

"Huyu ni mkono yangu ya kulia," Mzee akasema. "Ile ya kushoto ndio mimi. Pita."

Somo la kwanza alinipa na kijiko. Alichota maji akamwagia tofali kidogo, akatulia kama mtu anasikiliza.

"Mama Awino, imekunywa?"

"Imekunywa."

"Imekunywa aje?"

"Haraka. Kama mtu ametoka shamba."

"Basi iko na kiu, unaweza kuipatia dawa. Tofali ikikataa maji, jiulize. Ama mtu alishapaka kitu, ama imeshiba maji tayari. Na mtu ameshiba, usimfunge mdomo."

Hiyo ndiyo somo ya kwanza, na hiyo ndiyo nilikosa. Mzee alikuwa amesafiri kwao kwa mazishi. Mwalimu mmoja wa Nyalenda akaniita, ukuta yake inalia maji, mvua ndefu imeisha juzi tu. Mimi nikaona nafasi yangu. Niliyeyusha lami, nikapaka ile ukuta nje kutoka chini mpaka juu, nyeusi, inang'aa, majirani wakasifu. Mwezi haukuisha. Ile maji yote ilikuwa ndani ya matofali ikatafuta njia, ikakuta nje nimefunga, ikatokea chumba cha kulala. Plasta ilivimba kama tumbo la mjamzito, halafu siku moja ikajifungua juu ya vitabu vya mwalimu. Bibi yake akatuma mtoto kwangu na ujumbe: "Mwambie huyo fundi kitanda imepata mapacha."

Mzee Karanja aliporudi alienda akaangalia, akabonyeza na kidole, akakohoa. Hakunikemea. Alisema tu, "Ukuta inapumuanga, mama. Wewe uliinyonga." Tulibandua lami na patasi siku nne. Patasi inafundisha kuliko mdomo.

Na kwa sababu nimeanza kuungama, wacha nimalize. Viti vya kanisa, zile ndefu za mbao, mimi ndio niliharibu. Nilitaka kumfurahisha Mungu. Mafuta ya linsidi inapakwa nyembamba, unaipasha joto kidogo ndio iingie, halafu baada ya nusu saa unapangusa yote ambayo mbao imekataa. Mimi nikaona kupangusa ni uchoyo kwa nyumba ya Mungu. Nikaacha nene. Jumapili kina mama wakakuja na magwanda yao meupe, mahubiri ikawa ndefu, joto ya Kisumu mnaijua. Pasta akasema tusimame tuombe. Safu ya kwanza ikasimama, na kiti ikasimama pamoja nao. Mama mmoja aliita jina la Yesu kwa sauti ambayo sijawahi kusikia tena. Kwa hivyo pangusa. Na vitambaa vya kupangusa usivirundike kwa kona, tia kwa ndoo ya maji, juu ya linsidi inajiwashanga moto yenyewe bila kiberiti. Hiyo sio uchawi, ni mafuta.

Sasa Ahero. Miaka ya tisini ilikuwa imeanza, Mzee Karanja alikuwa amerudi kwao kabisa, na mimi nafanya kazi peke yangu. Risper tuliimba naye kwaya moja kabla hajaolewa huko. Bwana yake alimjengea nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili, halafu akaugua akafa kabla hajapiga plasta nje. Na ile nchi ya Ahero, mto ikifura inaingia mpunga, inaingia nyumba, haichagui. Mafuriko ilikaa kwa nyumba yake mara mbili. Siku moja nikamuona mlangoni kwangu na tofali ndani ya kikapu, amebeba kutoka Ahero kama mtu anapeleka mgonjwa hospitali.

"Angalia," akasema. Akakwaruza na ukucha. Ikaanguka unga.

"Kwani hakuna mafundi Ahero?"

"Wako. Hakuna anayekubali."

Nilijua kabla hajamaliza. Kwa mila yetu sisi Wajaluo, mjane hajengewi nyumba mpaka mwanamume wa ukoo amrithi. Huyo tunamwita jater, na ndiye anagonga msumari ya kwanza. Risper alikuwa ameokoka, alikataa. Shemeji yake, Okelo, akasimama mbele ya wazee akasema mtu akijenga pale bila jater, mila imevunjika, na mjane atatoka kwa dala, yaani boma ya bwana yake, aende kwao.

"Sijakataa watu wake," Risper akaniambia. "Nawapikia, nawalimia. Nimekataa tu kulala na shemeji yangu ndio nipate ukuta kavu."

Halafu akainama kwangu, na macho ikabadilika, nikamuona Risper wa kwaya.

"Lakini Mama Awino, kupaka si ni yetu? Mama zetu walipaka nyumba na matope na mavi ya ng'ombe, kuna mzee aliwahi kuwauliza? Kupaka sio kujenga. Wewe ni mama na unapaka. Kuja upake."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mvua ilikuwa imebakisha kama mwezi moja ifike. Nikafunga chokaa na brashi, na lami pia, nikaenda.

Okelo alikuwa ameweka kiti kwa ua, pahali anaona nyumba vizuri. Msifikirie alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika ndugu yake, na aliamini kabisa mila ikivunjwa, kifo inarudi kwa dala kutafuta watoto. Mtu anaogopa namna hiyo hata usingizi hana.

"Karibu, mama wa rangi," akasema. "Paka. Kupaka sikatazi. Lakini nikisikia nyundo, mimi na wewe tutaongea lugha ingine."

Kitu ya kwanza nilifanya ni ile ninyi mnaona ni kupoteza wakati. Nilichukua karatasi ya nailoni, nikaibandika kwa ukuta na matope pande zote nne, nikaiacha mpaka kesho yake. Nailoni ikilowa upande wa nje, ni hewa tu. Ikilowa upande wa ukuta, maji inatoka ndani. Kesho yake nikabandua. Upande wa ukuta ilikuwa inatiririka. Maji ilikuwa inapanda kutoka chini, matofali inaifyonza kama utambi ya taa.

Nikafunga mkebe ya lami.

"Kwa nini unafunga?" Risper akauliza.

"Hii siwezi kupaka."

"Paka tu. Ing'ae. Hata kama ni ya msimu moja."

"Nikipaka hii nafungia maji ndani. Utapata nyumba nzuri ya kuanguka."

"Basi ulikuja kufanya nini?" akanifokea. "Kuhesabu makosa ya marehemu?"

Hiyo iliniingia. Nilitoka nikazunguka ile nyumba, sijui mara ngapi, siwezi kusimama, siwezi kuketi, naomba nikitembea. Mungu wangu, nimemletea huyu mama tumaini, na kazi yenyewe inataka kubomoa matofali ya chini na kuweka karatasi ya kuzuia maji, na hiyo ni kujenga hata mimi siwezi kukataa. Nilizunguka mpaka Okelo akaniita, "Mama, umepoteza nini?" Na nilipoangalia chini kumjibu, ndio nikaona. Udongo. Miaka ya kufagia uwanja, na tope ya mafuriko, imerundikana kwa ukuta mpaka imefunika mistari mitatu ya matofali. Nyumba ilikuwa imesimama ndani ya maji kama mpunga.

"Bwana Okelo," nikasema, "kulima ni kujenga?"

Akafikiria. Alikuwa mtu wa haki, alifikiria kweli. "Kulima ni kulima."

Basi tukalima. Kina mama sita wa kanisa ya Ahero wakakuja na majembe. Tulitoa ule udongo wote mpaka msingi ikaonekana, tukachimba mtaro kuzunguka nyumba hatua moja kutoka kwa ukuta, imeinamia upande wa mashamba, tukajaza matofali iliyovunjika ndio maji ipite bila kusimama. Halafu tukaacha. Hapo ndipo vijana hushindwa. Kuacha ni kazi. Wiki mbili ukuta ikakaa uchi kwa jua, na mimi kila siku ya tatu niko Ahero na kijiko yangu. Siku ya kwanza tofali ilikataa maji. Siku ya tatu ikakataa. Nilikuwa naangalia mawingu na naangalia ukuta, sijui ni nani atafika mbele. Siku ya kumi na mbili nikamwagia maji upande wa jikoni, ikaingia. Nikaruka kama mtoto.

Hapo nikapaka. Sio lami. Chokaa iliyolowekwa mpaka ikawa kama maziwa ya mgando, na mchanga ya mto iliyooshwa, mkono ya kwanza nyembamba, ya pili nyembamba, na ya mwisho nikatia mafuta ya ng'ombe iliyoyeyushwa. Chokaa inaachia ukuta itoe jasho.

Okelo alikuwa amesogeza kiti. Kila siku kiti ilikuwa inasogea kidogo.

"Na hiyo mafuta ni ya nini?"

"Mvua ikigonga iteleze kama kwa jani ya nduma."

"Haa," akasema. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akarudisha kiti nyuma.

Ilibaki fremu ya mlango. Kumbukeni hii hata mkisahau yote: mbao inaoza pahali macho haifiki. Watu wanapaka vanishi mbele ya mlango, inang'aa, na ncha ya chini, ile imekatwa, ndiyo inakunywa maji kama mrija na hakuna mtu ameigusa. Miguu ya ile fremu ilikuwa imeoza shubiri nzima. Mlango ikifungwa, fremu inatingika, chokaa inapasuka, na maji itaingia nyuma ya kazi yote. Nilikata ile mbovu, nikachonga miguu mipya ya mbao ngumu, nikailoweka linsidi siku mbili, nikaweka jiwe chini isiguse udongo. Kuunganisha, nikatoa skrubu. Nilikuwa nimejipanga.

Okelo akasimama. "Hiyo ni nini?"

"Skrubu."

"Hiyo ni msumari."

"Inagongwa? Hii inazungushwa."

"Mama, hiyo ni msumari iliyoenda shule. Bado ni msumari."

Kina mama wakacheka, hata yeye mdomo ikacheza kidogo. Lakini ile kicheko haikunisaidia, kwa sababu nilipozungusha, skrubu ikazunguka tu. Mbao ya zamani ilikuwa laini ndani, haishiki. Pale inatakiwa msumari ndefu, ipite mbao zote mbili itokee upande ule, uikunje. Skrubu haikunjiki. Nilijaribu ya pili, ya tatu. Upepo ya ziwa ilikuwa imeanza kuleta harufu ya mvua.

Nikamwita Risper kando. "Nyumba ni yako. Nikigonga, wanaweza kukutoa. Nisipogonga, ukuta ya mlango itaanguka na kazi yote iko bure. Siwezi kukuchagulia."

Aliangalia mlango, akaangalia kiti ya Okelo. Halafu akaingiza mkono kwa mkebe yangu, akatoa msumari ya inchi sita, akaishika na vidole viwili juu ya mbao.

"Gonga," akasema. "Ukikosa ugonge kidole yangu, angalau nipate sababu ya kulia."

Nikagonga. Mlio ikasikika nyumba yote. Nyuma yangu kiti ikaanguka.

"Yawa! Nani amejenga hapo?"

"Mimi," nikasema. Nikagonga ya pili.

"Unajua mtu anayejengea mjane ni nani?"

"Ni jater."

"Basi wewe ndio jater wake?" Akaninyooshea kidole. "Wewe, na kitambaa kwa kichwa? Utamlimia? Ukuta ikianguka, utakuja?"

"Nitakuja."

"Mwanamke hawezi kurithi mwanamke!"

"Basi sijajenga," nikamwambia. "Chagua, Baba. Kama hii msumari ni kujenga, mimi nimemrithi, na mjane ameshapata jater. Kama siwezi kumrithi, basi hii sio kujenga, ni kelele tu."

Mama mmoja alikuwa ameketi kwa mtaro amejifunika uso na leso, mabega inaruka na kicheko. Okelo akachukua kiti yake akaenda nayo kwa wazee.

Walibishana siku mbili. Risper alikuja kuniambia akiwa na sauti ya kunong'ona, kama mtu anabeba yai. Wengine walisema atoke. Mzee mmoja alicheka mpaka akapigwa mgongo. Mwishowe wakasema hawataamua, mvua itaamua. Ile nyumba ikianguka, wa zamani walio kaburini wamekataa, na Risper atafunga vitu vyake. Ikisimama, wataacha hayo maneno.

Mvua ikakuja wiki hiyo hiyo. Hata kwangu nilikuwa nasikia mabati. Kila kona ya kazi ilinijia kichwani: hiyo pembe nilipaka mara mbili ama mara moja? Mtaro iliinama ya kutosha? Wasichana wangu wakaniambia, "Mama, keti," nikawauliza wao wanaketi aje. Siku tano. Siku ya sita barabara ikapitika, nikaenda. Ahero ilikuwa maji kila mahali, kuku wamepanda juu ya vitanda vya watu.

Nyumba ilikuwa imesimama. Mtaro ilikuwa inakimbia. Nilipiga magoti kwa matope nikaweka kiganja chini kabisa, mstari wa kwanza wa matofali, ndani na nje. Kavu. Risper alikuwa amesimama kwa mlango, haniulizi, anaangalia uso yangu tu. Nikamuitikia na kichwa. Akaketi chini pale pale kwa kizingiti.

Okelo alikuwa amenitangulia. Alikuwa nyuma ya nyumba, suruali imekunjwa, anazunguka ukuta na kiganja kama vile aliniona nikifanya. Nikangoja. Ukoo mzima ulikuwa unangoja, watu wamejipanga kwa ua na magunia juu ya kichwa. Alipita upande wa jikoni, akapita mlango, akatingisha fremu na mikono miwili. Haikutingika. Akafika kwa dirisha ya mwisho, akasimama, akapitisha kidole chini ya ubao wa dirisha, akainua ile kidole juu watu wote waone imelowa.

"Jater!" akaniita, kwa sauti ya kukemea, mbele ya wote. "Jater, huku umesahau. Dirisha yako inavuja."

Risper akainuka pale kwa kizingiti, akaanza kucheka. Na mimi nikaenda kutafuta brashi.